Mboga kwa Maana Pana

Nianze kwa kuwapa pole wasomaji wa nchi zile zenye mkosi, ambako raia huamka asubuhi akajiamulia mwenyewe atakachokula mchana. Hamjui mnachokosa. Sisi mzigo huo tulishatuliwa. Serikali iliubeba, kama ilivyobeba mizigo yetu mingine mingi, ikatuachia kazi ya kutafuna tu.

Jina la nchi sitalitaja, kwa sababu linafikiriwa upya na sitaki kuonekana nimetangulia. Jina la mtawala wetu nalo halitajwi. Huitwa Mlezi wa Taifa, na inatosha. Mimi naitwa Kibwana, mwandishi wa kumbukumbu za vikao, daraja la nne. Kazi yangu ni kukaa mwisho wa meza na kuandika walichosema wakubwa, baada ya kukinyoosha kidogo.

Mambo yalianza na kidole gumba cha mguu wa Mlezi. Kilivimba, kikawa chekundu, kikauma kiasi kwamba shuka likikigusa ikulu nzima inasikia. Ilikuwa gauti, ugonjwa wa wanaokula nyama asubuhi, mchana na jioni na kuiteremsha kwa bia. Presha nayo ilikuwa juu, sukari juu, na ngazi za ikulu alikuwa anapandishwa kwa kiti. Akapelekwa kutibiwa ng'ambo, kwa kuwa hospitali zetu kumi na moja zina mawe ya msingi mazuri sana, ila juu ya hayo mawe hakuna kitu.

Huko ng'ambo daktari mmoja asiyejua anazungumza na nani akamwambia apunguze nyama, ale mimea: majani, maharage, dengu, karanga, matunda, nafaka zisizokobolewa. Mlezi akala hivyo siku arobaini. Nisiwe mchoyo wa ukweli: alipona. Kidole kilinywea, presha ikashuka, sukari ikatulia, mkanda ukarudi ndani matundu manne, na choo, ambacho zamani kilisubiriwa na baraza zima la mawaziri, kikawa kinakuja kila asubuhi bila kuitwa. Aliporudi nyumbani alishuka ngazi za ndege kwa miguu yake mwenyewe, na sisi tuliopangwa uwanjani tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Palepale akakamata kipaza sauti.

"Wananchi," akasema, "nimeiona siri ya afya. Kuanzia leo, taifa hili litakula mboga!"

Tukashangilia, kisha tukatazamana. Sisi tumekula mboga tangu tuzaliwe. Kwetu chakula ni ugali, na kinachosindikiza ugali, chochote kile, ndiyo mboga. Mume akitoka kazini huuliza, "Leo mboga nini?" na mke akijibu "Mboga nyama," au "Mboga dagaa," hakuna anayeshangaa. Mama mmoja aliyesimama nyuma yangu akanong'ona, "Sasa kilichobadilika ni nini?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kuuliza kilichobadilika ni kosa lenye kifungu chake.

*

Sheria ya Mboga ilipita bungeni siku ya tatu, wabunge wakiwa wamesimama na baadhi yao wakilia. Ilikuwa na mstari mmoja: Kila raia atakula mboga. Adhabu zake zilikuwa na kurasa sitini.

Waliokwama kwanza ni polisi. Walimfumania mtu na sahani ya mbuzi wa kuchemsha, wakamwambia yuko chini ya ulinzi. Akawajibu, "Afande, mbona hii ndiyo mboga yenyewe?" Afande akafikiri, akaona kweli, akanawa mikono akaketi. Kesi za namna hiyo zilipofika mia tatu, na kikosi kizima kikawa kimeshiba, Mlezi aliunda Tume ya Taifa ya Ufafanuzi wa Mboga. Wajumbe saba, hoteli moja, na muda usio na kikomo. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kitwana Pazi, Waziri wa Afya, Lishe na Shangwe za Umma, mtu mwenye shingo tatu. Mimi nikapangiwa mahali pangu, mwisho wa meza.

Siku ya kwanza mpishi wa Tume, Mama Semeni, alileta mbavu za mbuzi, maini ya kukaanga, kuku wawili na samaki mzima, na pembeni bakuli la mchicha kwa heshima ya agenda. Mchicha ule ulikaa siku tatu bila kuguswa, ukabadilishwa.

"Waheshimiwa," alisema Profesa Mashauri, mtaalamu wetu wa lugha, akijifuta mafuta kidevuni, "neno mboga lina maana mbili. Kuna maana finyu, ambayo ni majani. Na kuna maana pana, ambayo ni kila kinacholisukuma tonge lipite kooni. Kwa maana pana, ubavu huu ni mboga."

"Ubavu huu?" Mwenyekiti akauinua.

"Huo huo."

Macho ya Mwenyekiti yakalengwalengwa na machozi. "Nchi hii ina wasomi, jamani," akasema. "Tatizo letu ni kutowatumia."

Likabaki jambo moja dogo. Kama nyama ni mboga kwa kila mtu, basi sheria haimbani mtu, na sheria isiyombana mtu inamdhalilisha aliyeitunga. Aliyepata ufumbuzi ni Jenerali mstaafu Tindwa, huku akipasua paja la kuku. Neno lina maana mbili, akasema, na taifa lina watu wa aina mbili. Kila aina ipewe maana yake. Watu wa maana wale kwa maana pana, na hao wengine wale kwa maana finyu. Mheshimiwa Eshe, mwakilishi wa akina mama, aliunga mkono kabla hajameza. Kikachapishwa Cheti cha Maana Pana, chenye picha ya mwenye nacho na mhuri unaong'aa, na ndani ya wiki mbili hapakuwa na mkubwa ambaye hajakitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Profesa aliombwa afafanue na maana finyu, ili raia wasije wakatangatanga. Akasema majani ni majani. Maharage si majani, ni mbegu. Karanga ni mbegu. Kunde, choroko na dengu, mbegu. Matunda ni anasa. Yai halijadiliwi. Daktari wa ng'ambo alikuwa ameshauri vitu sita. Sisi tukabaki na kimoja na ugali wetu, na gazeti la serikali likaandika kwamba tumemzidi kwa msimamo.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini halirukiki. Daktari yule alitoa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema faida, na ilisomwa redioni mara tisa kwa siku. Ya pili ilisema tahadhari: kwamba asiyekula kabisa kitu cha mnyama lazima apate vitamini B12 kwa kidonge au kwa sindano, la sivyo damu itapungua na miguu itakufa ganzi, kwamba madini ya chuma yaliyo kwenye majani huingia mwilini kwa shida, na husaidiwa na limau au chungwa, kwamba bila maharage na jamii yake mwili hukosa cha kujijengea, na kwamba wajawazito na watoto waangaliwe kuliko wote. Mlezi mwenyewe alichomwa sindano yake kila mwezi na kula maharage yake kila siku. Lakini Mwenyekiti aliisoma karatasi ile hadi katikati, akasema ina lugha ya kukatisha tamaa, akanipa niipige mhuri wa SIRI na kuifungia kabatini. Nikaipiga mhuri. Nilihakikisha hata mhuri umekaa sawa, haukwenda upande.

*

Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa mizuri, na anayekataa ni mwongo. Jirani yangu mzee Mwinchande, ambaye presha ilikuwa imemkalisha kibarazani, alianza kupanda kilima bila kusimama. Wenye kisukari walipunguziwa vidonge. Akina baba waliokuwa wakihema wakifunga viatu sasa waliviona viatu vyao. Serikali ilitangaza ushindi, na kwa mara ya kwanza ilikuwa haisemi uongo. Kitu kisichotangazwa ni kwamba watu hao walikuwa bado wana maharage na karanga walizoficha uvunguni.

Kisha akiba zikaisha. Serikali ikaajiri Wanusaji, watu wazima waliofanyiwa usaili wa pua, wawe wanapita mitaani wakati wa mapishi. Mnusaji akihisi harufu ya dagaa anapuliza filimbi. Kuku wote wakaandikishwa kuwa ndege wa mapambo, na jogoo wangu akapewa namba. Wauza dagaa wakajaribu kuwaita dagaa wao "majani ya ziwani", wakafungwa, si kwa kuuza dagaa bali kwa kufanya kazi ya Profesa bila shahada.

Watu wakaanza kusinzia. Walisinzia dukani, walisinzia kwenye foleni, walisinzia katikati ya kusalimiana. Mzee Mwinchande akarudi kibarazani, safari hii kwa sababu hakuwa anazihisi nyayo zake. Watoto shuleni hawakukimbia tena wakati wa mapumziko. Walijipanga ukutani wakikaa kimya. Wizara ikatoa taarifa kwamba nidhamu ya wanafunzi imepanda kuliko wakati wowote katika historia.

Na mdogo wangu Stumai akaanza kula ukuta.

Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mumewe alikuwa kazini mbali, machimboni. Wajawazito wengi kwetu hula udongo kidogo, wanaununua sokoni. Stumai alikuwa anaubandua ukuta wa jikoni kwa kucha, anatafuna, anabandua tena. Alipocheka ufizi wake ulikuwa mweupe. Sina ndugu mwingine. Mama alipofariki nilimbeba mgongoni nikaenda naye shule, na siku ile nilipomwona na vumbi la ukuta mdomoni niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Nikampeleka zahanati. Muuguzi pale ni Sista Mbonea, mwanamke wa miraba minne asiyependa maneno mengi. Alimvuta Stumai kope ya chini, akatazama, akamchoma kidole, akapima.

"Wekundu wa damu ni sita," akasema. "Kaka, huyu mnamlisha nini?"

"Mboga, Sista."

"Mboga gani?"

"Mchicha. Matembele. Kisamvu siku za sikukuu. Kwa maana finyu."

Sista akaweka kalamu chini. "Sikiliza, kaka. Majani ni mazuri, mimi siyatukani. Baba yangu mzazi presha yake imeshushwa na majani. Na mtu anaweza kukaa bila nyama maisha yake yote akalima shamba, ilimradi awe na maharage yake, karanga zake, limau lake, na hicho kidonge cha B12. Lakini ugali na mchicha peke yake, miezi yote hii, kwa mwenye mimba? Hiyo si lishe. Hiyo ni adhabu, na huyu dada hajakosa kitu."

"Vidonge vya kuongeza damu je?"

Akanionyesha rafu. Palipokuwa na vidonge palikuwa na picha ya Mlezi amekumbatia fungu la mchicha.

Nikamsogelea, nikashusha sauti, nikamwambia kuna siri ya serikali nataka kumpa. Nikamwambia habari ya karatasi ya pili, yote, huku jasho likinitoka.

Akacheka kicheko kibaya. "Hayo tulifundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Mmefungia kabatini kitu anachokijua kila muuguzi?" Kisha akachukua kadi ya kliniki ya Stumai, akaandika kwa herufi kubwa: MAINI. DAGAA. MAYAI. MAHARAGE. "Hapo nimeandika makosa manne," akasema. "Ni yangu. Wewe nenda katafute."

*

Mimi ni mtu wa taratibu, kwa hiyo nilianza na taratibu. Nilimjazia Stumai fomu ya kuomba Cheti cha Maana Pana. Palikuwa na sehemu ya cheo, sehemu ya miaka ya uongozi, na sehemu ya kutaja mchango wa mwombaji kwa taifa. Stumai akaandika, "Nina mimba." Fomu ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa na maelezo kwamba mwombaji mwenye mimba ni watu wawili, na fomu hiyo ni ya mtu mmoja.

Ndipo nikaiba. Baada ya chakula cha Tume nilichukua vipande viwili vya maini vilivyobaki kwenye sahani ya Jenerali, nikavifunga kwenye jani la mgomba, nikavitia ndani ya faili. Langoni Mnusaji akanisimamisha.

"Faili lako linanukia."

"Ni kumbukumbu za kikao."

"Kikao kilihusu nini?"

"Mboga."

Akalifungua. "Hii ni nyama, bwana."

"Mezani ilikuwa mboga," nikamwambia. "Wajumbe wote saba ni mashahidi."

"Ndani ya lango ni mboga. Nje ya lango ni nyama. Na wewe mguu wako mmoja uko nje." Akavila vipande vyote viwili palepale, ili ushahidi usiharibike, akaniandikia onyo. Sioni haya kusema kwamba nililia njia nzima. Stumai aliniuliza nimemletea nini. Nikamwambia kesho.

Hiyo kesho ilikuja na uchungu, kabla ya wakati wake. Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi, wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Kisha Stumai akaanza kutokwa na damu, yeye ambaye hakuwa na damu ya kutoka. Sista Mbonea alifanya yote anayoyajua na damu ikasimama, lakini Stumai alikuwa amelala na midomo ya rangi ya jivu, hajibu akiitwa.

"Anahitaji damu, kundi O, na anaihitaji mchana huu," Sista akasema.

Mtaa mzima ulikuja. Walijipanga mpaka barabarani, wengine wakiwa wamekaa kwa sababu kusimama kuliwashinda. Sista akawapima mmoja mmoja. Nane. Saba na nusu. Tisa. Nane. Alipofika mtu wa arobaini akatupa pamba kwenye ndoo. "Hakuna hata mmoja hapa wa kutoa," akasema. "Ninyi wote ni wa kuongezewa. Kaka, katika nchi hii nani bado ana damu?"

Nilimjua mwenye damu. Nilikaa naye meza moja kila siku.

Nilikimbia hadi hotelini. Tume ilikuwa mezani. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kufungua mdomo kikaoni, lakini siku ile nilisimama nikawaambia waheshimiwa kwamba dada yangu anakufa zahanati, dakika kumi kutoka hapo, na kinachotakiwa ni mtu mmoja wa kundi O na chupa moja tu. Kila mmoja alinijibu, na mkono wangu, kwa mazoea, ukaandika majibu yao. Hakuna aliyeinuka.

Aliyeinuka, au niseme aliyekuwa amesimama tangu mwanzo, ni Mama Semeni, mpishi. Akafungua aproni, akaitundika kwenye kiti cha Profesa.

"Mimi O," akasema. "Twende."

Walipompima alikuwa kumi na nne. Tangu Tume ianze alikuwa akionja kila sufuria kabla haijafika mezani, na kwa kuwa kuonja si kula, hakuna sheria aliyoivunja. Chupa ilijaa vizuri. Kabla jua halijafika magharibi Stumai alifungua macho, akamwomba Sista maji, akauliza mtoto ana vidole vyote.

*

Habari hizo Tume ilizipokea kwa masikitiko makubwa. Mwenyekiti alieleza kwamba damu ile ilitengenezwa kwa mbavu, maini na kuku vya hoteli ile, yaani mboga kwa maana pana, na sasa imevuka lango ikiwa ndani ya mpishi na kuingizwa katika mwili wa mtu wa maana finyu asiye na cheti. Ikaamuliwa Stumai airudishe. Chupa moja alipewa, chupa moja atoe. Zoezi lifanyike mbele ya Tume, lirushwe na redio moja kwa moja nchi nzima, liwe fundisho.

Sista Mbonea aliandika barua kwamba damu ya mzazi huyo bado ni nane na akitolewa chupa nzima atakufa. Akajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa na kwamba aje na sindano.

Siku ya kumi na mbili tangu ajifungue wakamleta Stumai hotelini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya ukumbi, kitenge mabegani, mtoto akinyonya. Kando yake Sista Mbonea ameshika trei yenye sindano, mpira na chupa tupu. Fundi wa redio akainua kidole: tuko hewani. Mwenyekiti akagonga meza, akasema agenda ya kwanza.

Agenda ya kwanza ya kikao chochote katika nchi yetu ni kusomwa na kuthibitishwa kwa kumbukumbu za vikao vilivyopita. Hairukwi hata nchi ikiungua. Mwandishi anasoma, na wakati anasoma wajumbe wanaagiza vinywaji, kwa sababu ni dakika pekee ambazo hakuna anayetakiwa kusikiliza. Nikainuka na kumbukumbu za siku niliyoomba damu, ambazo zilikuwa bado hazijathibitishwa. Nilikuwa nimeandika kumbukumbu nyingi maishani, na zote nilizinyoosha. Hizi sikuzinyoosha. Sauti ilikuwa ile ile ya kila siku.

"Kikao kilifanyika hotelini, wakati wa chakula cha mchana," nikasoma. "Mwandishi aliomba mjumbe yeyote wa kundi O atoe chupa moja ya damu kumwokoa mzazi. Mwenyekiti, akiwa na ubavu wa mbuzi mkononi, alisema damu yake ni mali ya taifa na haitolewi bila kibali, akaagiza pilipili. Jenerali Tindwa alisema damu yake yote aliimwaga vitani. Kwa kumbukumbu sahihi, nchi haijawahi kupigana vita. Profesa Mashauri alikiri kwamba yeye ni kundi O, lakini akafafanua kuwa ni O kwa maana finyu. Mheshimiwa Eshe, mwakilishi wa akina mama, alisema suala la uzazi linamgusa mno, akahamia kwenye samaki. Wajumbe watatu waliobaki walisema wanaunga mkono hoja, bila kutaja ni ipi. Tume kwa kauli moja iliazimia kupongeza moyo wa kujitolea damu nchini. Damu ilitolewa na mpishi. Kikao kiliendelea na matunda. Mwandishi anaongeza kwamba ipo karatasi ya pili ya daktari, kabati namba tatu, inayosema mjamzito asilishwe majani na ugali peke yake, na kwamba aliyeipiga mhuri wa siri ni mwandishi mwenyewe."

Nikakaa. Mwenyekiti alikuwa anakoroga chai.

"Waheshimiwa, kumbukumbu zimethibitishwa?"

"Zimethibitishwa!" wakaitikia wote saba, wakagonga meza.

Mwenyekiti akavuta karatasi, akaisaini bila kuitazama, akaipiga mhuri. Fundi wa redio alikuwa amevua vipokea sauti vya masikioni na kunikodolea macho. Jikoni palikuwa kimya. Mama Semeni alikuwa amezima majiko yote. Kimya hicho, zaidi ya maneno yangu, ndicho kilichomshtua Mwenyekiti. Akachungulia karatasi aliyoisaini, akasoma mstari, akasoma mwingine, shingo zote tatu zikabadilika rangi.

"Futa," akaniambia.

"Zimethibitishwa, Mheshimiwa."

"Nimesema futa!"

"Kumbukumbu zilizothibitishwa hazifutwi. Kanuni ya tisa. Mliitunga wenyewe, na niliiandika mimi."

Ndipo tukawasikia. Hawakuja wakikimbia, hawakuwa na damu ya kukimbilia. Walikuja polepole, kutoka kila mtaa uliokuwa na redio, wakipumzika kwenye kila nguzo ya umeme, wakishikana mikono, mzee Mwinchande akiwa amebebwa na wawili kwa kuwa miguu haimsikii. Walifika langoni wakakaa chini kwanza, kuvuta pumzi. Kisha wakainuka. Mnusaji wa lango alipuliza filimbi mara moja, akaitazama, akaitia mfukoni.

"Mchomeni sindano huyo mwanamke haraka tumalize!" Mwenyekiti akapiga kelele.

Mama Semeni alitoka jikoni, akampokea Stumai mtoto, akamshika mkono, akampitisha mlango wa nyuma. Hakuna aliyewazuia. Sista Mbonea hakuondoka. Alisogea mezani na trei yake, akasukuma pembeni bakuli la mbavu, akaiweka ile chupa tupu mbele ya waheshimiwa wakati watu wanaanza kuingia ukumbini.

"Nimewapima arobaini kati ya hawa," akasema, "na kila mmoja anahitaji damu. Tuanze na nani?"

Profesa Mashauri akaingiza mikono yake yote miwili chini ya meza.